Mwenye Mpira

Kiswahili kina neno moja kwa mtoto anayeruka kamba na kwa mtu mzima anayejifanya mfalme jukwaani. Wote wawili wako kwenye mchezo. Halafu ukitaka kumwonya mtu kwamba jambo ni zito, unamwambia, "Hii si mchezo."

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo kwa sababu ya aina fulani ya mwelekezi ambaye sisi waigizaji tunampenda sana. Ni yule anayefika mazoezini bila skripti, anavua viatu, anatuketisha chini kwa duara, kisha anasema, "Leo tucheze tu." Siku bora zaidi nilizowahi kuwa nazo katika kazi hii nilizipata kwa waelekezi kama huyo. Lakini Nairobi imetufundisha maana nyingine ya neno lilo hilo. Mtu akikuzidi ujanja, umechezwa. Kwa hivyo swali langu ni hili: tunapounda igizo jipya kwa kucheza pamoja, tunajuaje kama tunacheza ama tunachezwa?

Tuanze na faida, maana ipo, tena kubwa. Mwaka 1956 Joan Littlewood alikuwa akiandaa The Quare Fellow, igizo la Brendan Behan kuhusu jela ya Dublin, mtu anapongojea kunyongwa kesho yake. Hakuanza kwa kuwapa waigizaji maneno ya kukariri. Aliwapandisha kwenye paa la ukumbi wa Theatre Royal, Stratford, mashariki mwa London, wakazunguka huko juu kama wafungwa waliotolewa nje kunyoosha miguu. Walipokuja kushika skripti, jela ilikuwa tayari iko miguuni mwao.

Mwaka 1963, kampuni yake ya Theatre Workshop ilitoa Oh What a Lovely War, kuhusu vita vya 1914 hadi 1918. Waigizaji walisoma kuhusu vita hivyo, wakaleta walichokipata, wakakijaribu kwa mzaha na kwa nyimbo za wanajeshi wenyewe. Jukwaani walivaa nguo za vichekesho badala ya magwanda, na nyuma yao kulikuwa na ubao wa taa unaotangaza idadi ya waliokufa. Unacheka, unainua macho, unasoma hesabu ya maiti. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo na uzito si maadui. Kuna mambo mazito ambayo ukiyakaribia na uso wa mazishi, yanakufungia mlango.

Na msidhani Littlewood alikuwa mpole. Alikata, alibadilisha, aliwasumbua waigizaji wake hata baada ya igizo kufunguliwa. Kwa hivyo shida haiko kwa mwelekezi kuwa na mamlaka. Iko mahali pengine, na nitawaeleza nilikoiona.

Kuna igizo nililoshiriki ambalo liliundwa hivyo hivyo, kwenye duara, bila viatu. Tuliambiwa kila mmoja alete kitu cha nyumbani kwao. Mwenzangu akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akizima redio na kuwaziba watoto midomo kila mwenye nyumba alipobisha hodi kudai kodi. Tukaicheza. Mwelekezi akasema tuicheze tena, polepole, na baada ya hodi ya kwanza tungoje. Tukangoja mpaka kimya kikauma. Ikawa ndiyo sehemu ambayo watazamaji walitoka wakiizungumzia.

Bango lilipobandikwa, lilisema igizo limeandikwa na kuelekezwa na mtu mmoja. Miezi michache baadaye likapelekwa kwingine na waigizaji wengine. Mwenzangu alikata tiketi kwa pesa zake, akaketi kama mtazamaji, akamwona mama yake akizima redio. Alipouliza, kwa upole, kama jina lake lingeweza kuwekwa mahali, alijibiwa, "Lakini si tulikuwa tunacheza tu?"

Sentensi hiyo imenikaa kooni tangu siku hiyo. Ni rahisi kusema aliibiwa, nami sitaki kwenda mbio hivyo. Hadithi ilikuwa yake, lakini kile kimya baada ya hodi kilikuwa cha mwelekezi, na bila kimya hicho hadithi ingebaki stori ya kuchangamsha chai. Walitengeneza kitu ambacho hakuna mmoja wao angekitengeneza peke yake. Kilichoniudhi ni kwamba neno mchezo lilibadilishwa maana katikati ya njia. Wakati wa kutoa, mchezo ulikuwa kazi: fika mapema, leta ukweli wako, usijifiche. Wakati wa kugawana, mchezo ukawa utoto.

Sote tuliokulia mtaani tunamjua mtoto mwenye mpira. Anakuita mcheze kati, na kweli mnacheza, mnacheka, jua linazama. Lakini akigongwa hatoki. Mkimbishia, anachukua mpira wake anaenda kwao. Hakuna aliyesema asiwe na mpira. Bila yeye mngekuwa mmeketi tu kwenye ngazi za ploti. Ila mchezo ambao mmoja hawezi kushindwa si mchezo. Paka naye hucheza na panya. Muulize panya.

Basi kipimo changu ni hicho: katika chumba hiki cha mazoezi, je, mwelekezi anaweza kushindwa?

Hatuhitaji kwenda mbali kuona jibu la ndiyo. Mwaka 1977, pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji, wengi wao wakulima na vibarua, waliandaa Ngaahika Ndeenda. Walioshika kalamu ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwelekezi alikuwa Kimani Gecau. Jukwaa lilibuniwa na vijana waliopanga njiti za kiberiti chini kwanza, kisha wakajenga ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000. Hebu fikiria: ukumbi mzima ulianza kama mchezo wa watoto.

Mazoezi yalikuwa wazi. Aliyepita njiani alisimama, akatazama, akasema. Na alisema nini? Kwamba mzee hawezi kuongea hivyo. Kwamba maneno haya si ya umri huo. Maprofesa wakarekebishwa Kikuyu chao na watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu, na marekebisho yakaingia kwenye mswada. Hapo ndipo mwenye mpira alipogongwa akakubali kutoka. Ngũgĩ mwenyewe aliandika baadaye, wazi kabisa, kwamba pale alikuwa mwanafunzi.

Lakini Kamĩrĩĩthũ inaleta pia upande ambao sisi waigizaji hatupendi kuutaja. Igizo lilifunguliwa Oktoba 1977. Kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imeondoa kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi ule ulibomolewa, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecau wakaishia uhamishoni Zimbabwe. Kazi ilikuwa ya kijiji, ila serikali ilipotafuta wa kuadhibu, ilitafuta jina. Kwa hivyo mwelekezi akiniambia, "Jina langu liko juu kwa sababu ndilo litakalopigwa mawe," sitamcheka. Anasema kweli. Anayebeba hatari ana haki ya kuamua mengi.

Ana haki ya kuamua mengi, si yote. Kubeba hatari hakukupi umiliki wa mama ya mtu. Na ukichunguza, hatari haibebwi na mtu mmoja kamwe. Wanakijiji walipoteza ukumbi waliojenga kwa mikono yao. Mwenzangu alihatarisha siri ya nyumbani kwao mbele ya watu asiowajua. Hiyo nayo ni gharama, hata kama hakuna askari aliyekuja kubisha.

Sidai kila bango libebe majina 40. Nadai mambo matatu, na yote yasemwe siku ya kwanza, kabla ya viatu kuvuliwa. Kwanza, mtu akitoa kitu chake, awe na uwezo wa kukichukua tena kabla ya igizo kufunguliwa. Pili, igizo likisafiri bila yeye, jina lake lisafiri nalo, na pesa zikiwepo, apate kidogo. Tatu, mwelekezi ataje angalau jambo moja ambalo chumba kikimkataa, atakubali.

Wapo watakaosema sheria zinaua mchezo. Watu hao wamesahau kati inavyochezwa. Kabla ya mpira kurushwa, watoto hubishana dakika kumi nzima: mstari uko wapi, nani anaanza, ukiudaka unapata maisha mangapi. Hawachoki na ubishi huo, wala hawauoni kama unawacheleweshea raha. Wanajua kwamba bila huo, yule mkubwa atakuwa anashinda kila siku, na kufikia wiki ijayo hakuna atakayeshuka kucheza.