Kura ya Kangomba

Wajukuu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, kangomba mnaijua. Mtu anakuja mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, nyumbani mahindi yameisha. Anakupa debe la unga au noti mbili tatu, nawe unamuuzia korosho ambazo hata hazijaning'inia. Msimu ukifika anarudi na bakuli lake, na bakuli la kangomba halijawahi kuwa dogo. Nami niliwahi kuingia humo. Bibi yenu alikuwa anaumwa, nikapokea. Wenzangu walipopeleka magunia chama cha msingi, mimi nilisimama mlangoni natazama yangu yakifungwa kwenye baiskeli ya mtu.

Sasa tazameni kalenda. Mwaka 2015 tulipiga kura Oktoba 25, mwaka 2020 Oktoba 28, mwaka 2025 Oktoba 29. Kampeni hupita wakati uleule ambao mkulima wa korosho hana kitu mfukoni na minada ndiyo kwanza inanukia. Ndipo wagombea wanapokuja na khanga, kofia, na "hela ya soda". Mkorosho utazaa tena mwakani. Kura ukishaiuza, unangoja miaka mitano.

Basi kijana wa huku afanyeje? Mimi nasema aanze na korosho. Akikutana na mgombea, wa chama chochote, amuulize: mfumo wa stakabadhi ghalani, huu wa kukusanya korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, utauacha au utaubadilisha, na utaubadilisha vipi? Katika makato ya kila kilo, utapunguza yapi? Ushuru wa korosho zinazokwenda nje utarudi kwetu kiasi gani? Hilo la mwisho msiliache kamwe, na nitawaambia kwa nini. Wengi wenu mnakumbuka Novemba 2018: wakulima tulikuwa tumekataa bei za mnadani, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori kuzibeba korosho. Malori yale kila mtu anayasimulia. Lakini nani anasimulia Juni ya mwaka uleule? Bungeni sheria ilibadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru iliyokuwa ikirudi kwenye zao la korosho ikaelekezwa mfuko mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele; sisi vijijini tulikuwa tunapalilia. Sera ndivyo ilivyo: hukatwa mezani wakati wa palizi, maumivu tunayasikia wakati wa mavuno.

Ilani nazo zisomwe hivyo. Chukueni ya CCM ya 2015. Iliahidi elimu bila malipo hadi kidato cha nne, ikaahidi pia shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Ya kwanza ilianza Januari 2016, kwa sababu ilikuwa na waraka na ruzuku inayokwenda shuleni. Ya pili watu waliingoja wakachoka. Nilimpa mjukuu wangu mmoja karatasi: vijiji vya nchi hii ni zaidi ya 12,000, zidisha kwa milioni 50. Akapata zaidi ya bilioni 600, akanitazama. UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, nao mwaka uleule waliahidi elimu bure hadi chuo kikuu. Hiyo pia ilistahili kalamu na karatasi. Ahadi kubwa si kosa. Kosa ni kutouliza fedha zake zitatoka kwenye kodi gani, na ni nini kitakatwa ili zipatikane.

Hapa Nachingwea kwenyewe tuna somo la mipango mikubwa, ila vijana mnapita juu yake bila kujua. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga: Kongwa, Urambo na hapa. Matrekta yakaja, misitu ikang'olewa, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikafika. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, pauni milioni 36 hivi zimeteketea, kwa sababu walikimbilia kulima kabla ya kuijua mvua na ardhi. Reli ilifungwa 1962, kisha vyuma vikang'olewa. Nilikuwa mtoto, ninachokumbuka hasa ni honi ya treni, halafu ukimya.

Msije mkadhani nawapangia chama. Katika ukoo huu kuna wa rangi zote, na utani wetu wa Wamwera na Wayao unatutosha kugombana. Ila kuna jambo moja linaniudhi: kijana anayejua wachezaji wote wa timu ya Namungo, waliosajiliwa na walioachwa, lakini hajui diwani wake aliahidi nini mara ya mwisho.

Kampeni zijazo zikianza, nileteeni ilani za vyama vyote mtakavyopata. Nitakuwa chini ya mkorosho ule wa uani, jioni baada ya alasiri. Msome kwa sauti kuanzia ukurasa wa kilimo, kwa maana macho yangu yamechoka, na mmoja wenu ashike kalamu.