Neno la Nahodha Liwe la Mwisho

Mteja anayekodi boti ya uvuvi Watamu, Malindi au Shimoni hulipia mafuta, mishipi, chambo, kazi ya nahodha na mabaharia wake, na saa kadhaa za kurambaza nje ya mwamba akitafuta nduwaro, jodari au nguru. Haki ya kuamua kama boti itoke bahari ikichafuka haimo katika bei hiyo, wala haipaswi kuwamo. Mgeni aliyetoka mbali, mwenye siku moja tu ya kuvua, huwa na maneno mazito ya kumshawishi nahodha. Ndiyo maana naona suala hili lisiachiwe mazungumzo ya gatini asubuhi.

Bahari yetu haichafuliwi na upepo peke yake. Mkondo mkuu wa pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya huelekea kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kusi huusukuma kwa nyuma ukazidi kasi. Ule wa kaskazi hukutana nao uso kwa uso, na hapo mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika hata kama upepo wenyewe si wa kutisha. Tena kuna bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka takriban mita 4. Yanapokupwa, maji yaliyojaa horini hutoka kwa nguvu kupitia mlango mwembamba, yakigongana na mawimbi yanayoingia. Boti iliyopita hapo salama alfajiri inaweza kukuta mlango uleule hauingiliki saa ya kurudi. Mamlaka ya hali ya hewa hutangaza mawimbi ya mita 2; yatakavyokuwa kwenye mlango fulani saa 9 alasiri anayejua ni nahodha aliyeupita miaka nenda miaka rudi.

Wapo watakaosema: wavuvi wenyeji hutoka kwa ngalawa, boti yenye injini mbili inaogopa nini? Hoja hii inawakosea wavuvi. Kusi ikipamba moto, wengi huvua ndani ya mwamba au hubaki pwani wakishona nyavu. Anayethubutu kutoka amesukumwa na njaa, na wengine hawarudi. Shida ya mtu isifanywe kipimo cha starehe ya mwingine. Ukubwa wa chombo nao si kinga: MV Skagit, iliyopinduka karibu na Chumbe Julai 2012 katika upepo mkali, ilikuwa meli ya abiria.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Boti isipotoka, baharia anayelipwa kwa safari na kutegemea bakshishi hurudi nyumbani mikono mitupu, na nahodha anabaki kuchagua kati ya roho za watu na unga wa watoto wake. Huo ni udhalimu, na unaondoleka. Mwenye boti alipe sehemu ya ujira siku bahari inapokataa, na mkataba useme wazi kwamba fedha za mteja zitarudishwa au safari itahamishiwa siku nyingine. Kwamba manahodha watageuka wavivu siamini, kwa kuwa anayepata nusu ya ujira bado anatamani kutoka.

Nawe msomaji, kabla ya kulipa, muulize nahodha: ukisema turudi, kuna wa kukupinga? Akisita kujibu, tafuta boti nyingine.