Mjeledi Mkononi mwa Mwema

Katika hadithi ya majini na vitisho msomaji hupenda kumjua mwema mapema. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), amjulisha kwa majina tu: Adili, Hasidi, Mwivu. Kisha amtia mwema mjeledi mkononi, awapige kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, naye akilia. Hapo wasomaji hugawanyika. Wako wasemao ni haki, kwa kuwa walimtosa baharini. Wako waonao kuwa kitisho kikubwa cha kitabu si jini, bali mkono uliokatazwa kusita.

Rungwe ina kipimo cha tatu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walielezwa kwamba mchawi ana chatu tumboni, na walinzi wa kijiji wanao vilevile. Nguvu ni ile ile. Kinachotazamwa ni kazi yake. Msomaji wa Tukuyu aliyeyasikia hayo kwa wazee hatauliza kama Adili ni mwema. Atauliza mjeledi wamlinda nani. Wenye kukisifu kitabu hunyamaza hapo upesi mno, maana manyani wale hawamdhuru tena mtu, na amri ya kupiga ni ya jini, si ya watu wa Janibu anaowatawala.