Mlango wa Elimu

Je, elimu iliyohifadhiwa kwa kuwafungia wengi nje yaweza kuitwa urithi wa watu wote? Wenye kusifu mila hulipita swali hili mbio, nami naona lafaa kusimamiwa.

Tutazame kwanza Bara Hindi, ambako swali hili ni kongwe. Veda, maneno matakatifu ya Wahindu, zilidumu vinywani karne nyingi kabla ya kuandikwa. Mwanafunzi alikaa nyumbani kwa mwalimu wake, yaani guru, akimtumikia huku akijifunza. Ili neno lisipotee, alilisoma moja moja, kisha mawili mawili, kisha mbele na nyuma, kama msusi asukavyo ukili. Sauti na mkazo vilihifadhiwa hivyo kwa usahihi wa kustaajabisha, na mwaka 2003 UNESCO ilitangaza kisomo hicho kuwa tunu ya wanadamu wote. Wanadamu wote! Na vitabu vya sheria vya kale vilimkataza Shudra, mtu wa tabaka la chini, hata kukisikia.

Kwetu, katika nyanda za juu za Kigoma, mlango ulikuwapo pia, ingawa haukuwa mzito kiasi hicho. Huko Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, alitawala Mwami wa Kitusi; lakini ardhi ilikuwa na mlezi mwingine, mteko, aliyegawa mashamba na kuiombea nchi heri. Hadithi na vitendawili vilikuwa vya kila mtoto aotaye moto jioni. Elimu ya mteko ilirithiwa katika ukoo.

Veda huchukulika: mwenye kuihifadhi akihama Varanasi akaenda London, imo kifuani mwake. Elimu ya mteko ilishikamana na kilima hiki, mti huu, mpaka ule. Vijana wengi wa Buha walikwenda kuwa manamba katika mikonge ya Tanga. Kisha mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika, ikawaweka katika vijiji vya pamoja. Alichokijua mzee juu ya kilima chake kikakosa kazi, na majirani zake wapya hawakuwa wamefundishwa hata kukitamani.

Watetezi wa mlango husema kwamba bila yake elimu ingalichakaa mikononi mwa kila mpita njia. Hoja hii ina uzito, ila yachanganya ugumu wa elimu na uzawa wa mwanafunzi. Miaka ya kukariri ni sharti la kazi. Kuzaliwa na baba fulani si sharti lake. Mjini Pune wanawake wamefundishwa kuongoza ibada na kuzisoma Veda, wala silabi hazikuanguka.

Basi sidhani kwamba mtoto wa Kasulu ana haki ya kukabidhiwa elimu ya wazee bila jasho. Ana haki ya kuulizwa kama yu tayari kulitoa. Mzee hamdhulumu mvivu kwa kumnyima. Humdhulumu mwenye bidii akimnyima kwa sababu ya ukoo, hasa ikiwa ukoo wenyewe umebaki na wazee watatu, na wajukuu wao wako Dar es Salaam.