Paukwa, na Mtoto Anayeitika

Msimulizi wa Kiswahili haanzi hadithi peke yake. Hutamka "Paukwa", kisha hungoja wasikilizaji waitike "Pakawa". Wasipoitika, hadithi haina pa kuanzia. Desturi hiyo inaielewa hamasa kwa kina kuliko madarasa mengi ya awali, ambako huchukuliwa kuwa mwalimu anayo na mtoto hana, basi kazi ni kuimimina. Mimi nashikilia kwamba hamasa haimiminwi. Mtoto huamka anapoitwa na kuachiwa nafasi ya kuitika. Kumsomea kwa sauti ni mwito, na kuchora au kufinyanga ndiyo namna yake ya kuitika kabla maneno hayajamtosha.

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha Marekani utafiti kuhusu wazazi waliowasomea watoto wa umri wa miaka miwili hivi. Kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yasiyo na jibu moja, kumpa mtoto muda, na kuyapanua maneno aliyoyasema. Kundi la pili liliendelea kusoma kama lilivyozoea, tena si kwa uchache zaidi. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewapita wenzao waziwazi katika kujieleza. Vitabu vilikuwapo pande zote mbili, na sauti ya mzazi pia. Kilichotofautiana ni kama mtoto alikuwa na zamu yake. Utafiti huo ulifanywa nyumbani, kwa watoto wachache, kwa hiyo hautoshi kutuambia darasa litakuwaje. Unatosha kutuonyesha kwamba wingi wa kusoma si kitu kilekile na nguvu ya kusoma.

Atakayepinga ana hoja nzuri: "Pakawa" ni jibu lililokwisha kupangwa, wote hulisema kwa pamoja, kama darasa linaloimba "Ndiyo, mwalimu". Ni kweli. Lakini kiitikio cha pamoja hufungua tu mlango. Humpa mtoto mwenye haya kivuli cha kusimama, asikike bila kutazamwa. Tatizo ni pale shule inapoishia mlangoni. Mtoto husomewa hadithi ya fisi, halafu hupewa fisi aliyechorwa tayari ili ampake rangi iliyotajwa na mwalimu. Mkono wake umefanya kazi, ila yeye hajaulizwa kitu. Angeachiwa ukurasa mtupu, pengine fisi angekuwa mdogo na njaa yake kubwa kuliko mlima, nasi tungejua alichokisikia.

Pingamizi zito zaidi ni idadi. Mwalimu mwenye watoto themanini chini ya paa moja hawezi kumsikiliza kila mmoja, na kumlaumu ni kumwonea. Ila hapa ndipo sanaa inapofanya ambacho mazungumzo hayawezi: watoto themanini hawawezi kusema kwa zamu katika nusu saa, lakini wanaweza kuchora kwa wakati mmoja, kwa mkaa, kwa udongo, kwa kijiti mchangani. Tena wapo wanaokuja na Kisukuma au Kigogo cha nyumbani na Kiswahili cha kubahatisha. Kwa mtoto huyo mchoro ni jibu lisilongoja sarufi. Huko Reggio Emilia, Italia, ambako manispaa ilifungua shule yake ya kwanza ya awali mwaka 1963, Loris Malaguzzi na walimu wenzake waliichukua michoro kuwa lugha kamili ya kufikiria, wakaweka karakana ya sanaa na mtaalamu wake shuleni. Karakana hiyo ni ghali. Heshima iliyoizaa haihitaji bajeti.

Naelewa pia wasiwasi wa mzazi anayelifunua daftari jioni akitafuta a, e, i, o, u. Ada imelipwa kwa jasho, na herufi ni ushahidi unaoonekana. Lakini herufi ni alama inayobeba kitu kisichokuwapo, na mtoto aliyemchora fisi asiyekuwapo darasani amekwisha kulishika fumbo hilo lenyewe. Mwalimu akimwuliza, "Hapa kuna nini?", akaliandika jibu chini ya mchoro kama lilivyotamkwa, kisha akalisoma mbele ya wote, mtoto anayasikia maneno yake yakirudi kutoka kwenye karatasi. Zamu hii wanaoitika ni wenzake.