Tukishamlaumu mwanasesere, tujilaumu na sisi

Kila zinapokaribia sikukuu za Idi, maduka ya mjini yakajaa vitu vya kuchezea watoto, swali moja hurudi vinywani mwetu: je, yafaa Muislamu kumnunulia binti yake mwanasesere wa aina ya Barbie? Wapo wanaojibu haraka kuwa haifai, wakamaliza. Wapo wanaosema ni mchezo tu wa mtoto, nao wakamaliza. Mimi nilikuwa katika kundi hili la pili, mpaka nilipokwenda Bariadi.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na ndiko kwetu. Nilikwenda kumsalimia dada yangu, nikambebea binti yake wa miaka sita zawadi kutoka Kariakoo: mwanasesere wa plastiki, mwigo wa yule Barbie. Mweupe, nywele za njano, kiuno kama cha nyigu, na nyayo zilizoinuka kana kwamba kaumbwa kwa ajili ya viatu vya visigino virefu tu. Mtoto alifurahi mno. Mwenyewe alikuwa na mwanasesere mmoja tu, gunzi la hindi lililovikwa kipande cha khanga.

Siku ya pili jioni nilimkuta uani na wenzake wakicheza harusi. Maharusi walikuwa wawili, na watoto walikuwa wamefinyanga ng'ombe wa udongo kwa ajili ya mahari. Yule wa plastiki alipangiwa ng'ombe kumi na wawili. Gunzi alipewa watatu, na mmoja hana pembe. Nikauliza, "Mbona huyu mmempunja?" Mpwa wangu akanijibu bila kusita: "Mjomba, huyu si mweupe. Kwani jana hamkusema?"

Nikanyamaza, kwani nilikumbuka. Usiku uliotangulia watu wazima tulikuwa tukizungumzia posa ya binti mmoja wa ukoo. Mimi ndiye niliyesema, kwa mzaha, kwamba kwa rangi ile baba yake asikubali chini ya ng'ombe thelathini. Tukacheka. Watoto walikuwa mkekani pembeni, nasi tukidhani wamelala.

Ndugu msomaji, anayeijua Usukuma anajua kwamba weupe wa binti ulipandisha idadi ya ng'ombe tangu zamani, kabla plastiki haijafika huko. Mwanasesere hakuja na mizani ya rangi Bariadi. Aliikuta, akapanda juu yake.

Simtetei. Barbie aliingizwa sokoni Marekani mwaka 1959 na kampuni ya Mattel, na mfano wake ulikuwa mwanasesere wa Kijerumani aliyeitwa Lilli, ambaye awali aliuzwa kwa watu wazima. Mwaka 1965 alitolewa Barbie mwenye mizani ya kupimia uzito iliyogota kwenye kilo hamsini hivi, pamoja na kijitabu cha kupunguza unene kilichomshauri asile. Fikiria ujumbe huo mkononi mwa mtoto! Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti wao juu ya wasichana 162 wa miaka mitano hadi minane. Wale wadogo walioonyeshwa picha za Barbie waliridhika kidogo zaidi na miili yao, wakatamani wembamba zaidi, kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa. Kampuni yenyewe ilikuja kutoa Barbie wenye maumbo tofauti, wanene, warefu na wafupi, mwaka 2016. Kwa hiyo anayesema ni mchezo tu, akumbuke kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza.

Lakini kuna jambo jingine. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Weusi wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto Weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wengi wa watoto hao walisema mweupe ndiye mzuri. Nani aliwafundisha? Wanasesere wale hawakuwa na umbo la kushangaza. Watoto walikuwa wamekwisha kusoma thamani ya rangi mitaani na shuleni, kama mpwa wangu alivyoisoma mkekani.

Ndiyo maana dawa ya kupiga marufuku peke yake hainitoshi. Mwaka 2003 polisi wa dini wa Saudi Arabia walimtangaza Barbie kuwa tishio kwa maadili. Mwaka huo huo kampuni moja ya Kiarabu ikamtoa Fulla, mwanasesere mwenye abaya na mtandio. Ni hatua njema, kwani binti aone stara katika mchezo wake. Lakini Fulla naye ni mweupe na mwembamba. Tukimvika hijabu mwanasesere, na ulimi wetu tukauacha uchi, tumesitiri nini?

Hebu turejee katika nyumba ya Mtume (s.a.w.). Imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere akicheza nao na wenzake, naye Mtume hakumkemea. Miongoni mwao alikuwemo farasi mwenye mbawa za vitambaa, Mtume akamuuliza habari zake kisha akacheka. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu wanasesere wa leo wenye umbo kamili, na sina elimu ya kuamua baina yao. Ninachokiona ni hiki: mtoto yule alicheza ndani ya nyumba ambayo Bilal (r.a.) hakushushwa daraja kwa weusi wake, na ambayo mwenyewe alifundisha kuwa mweupe hana ubora juu ya mweusi ila kwa ucha Mungu.

Nyumba zetu je? Tunalaani mkorogo, na sabuni zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini, lakini mtoto akizaliwa swali letu la kwanza ni kachukua rangi ya nani. Mahari, ambayo katika Uislamu ni haki ya bibi harusi mwenyewe, tunaipanga kwa kuangalia ngozi. Kisha binti akijichubua tunauliza kaharibiwa na nani.

Kabla sijaondoka Bariadi nilimwita mpwa wangu nikamwambia kuwa mjomba alikosea usiku ule. Akanitazama kidogo, akauliza: "Kwa hiyo ng'ombe tuwagawe sawa?" Nikamwambia wawagawe sawa. Kwa watoto ilikuwa rahisi, wakawahamisha ng'ombe wao. Kazi iliyobaki ni yangu, siku nitakapoitwa tena kwenye kikao cha posa, na wazee wakaanza kuitaja rangi ya binti wa watu.

Wabillahi tawfiq.