Shule imefaulu, mtoto yuko mwaloni

Jirani yangu hapa Mwigobero ana kijana ambaye, mwaka aliotakiwa kufanya mtihani wa darasa la saba, alirudishwa la sita. Hakuwa na kosa. Baba yake alipokwenda kuuliza aliambiwa, tena kwa upole, kwamba mtoto "atashusha wastani". Mwaka ule shule ilipanda. Kijana hakurudi tena darasani. Sasa yuko mwaloni anapakua dagaa.

Nauliza: shule hiyo imefaulu?

Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Serikali ilianza kuzipanga shule za msingi kwa nafasi, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Nia haikuwa mbaya. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalikuwa yameishtua nchi hadi yakafutwa na kupangwa upya, na mzazi ana haki ya kujua. Watafiti Cilliers, Mbiti na Zeitlin walikuja kuchunguza kilichotokea. Shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, ndiyo. Lakini katika shule hizo hizo, watoto waliokaa kwenye mtihani walipungua.

Asilimia ina juu na chini: juu waliofaulu, chini waliofanya. Kuongeza wa juu ni kazi ya miaka. Kupunguza wa chini ni neno moja tu kwa mzazi asiyejua pa kulalamika. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na sisi wa mwaloni tunaielewa upesi, kwani tunajua mizani ya samaki inavyochezewa kwa kidole. Sioni kwa nini onyo hilo liishie kwenye samaki.

Wapo watakaosema basi tusipime kabisa. Hapana! Pasipo kipimo mtoto wa maskini ndiye wa kwanza kusahauliwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, nami sikusikitika, ila kuacha kumtangaza bingwa si kumhesabu aliyeachwa. Utafiti wa Uwezo ulipita njia nyingine: uliwafuata watoto majumbani, ukawapa hadithi ya darasa la pili waisome, wawe shuleni au wasiwe. Kwa hesabu hiyo kijana wa jirani yangu naye angekuwamo.

Basi ndugu zangu, ofisa elimu akija kikaoni na asilimia zake, tusipige makofi kwanza. Tumuulize walioandikishwa darasa la kwanza pamoja na hao walikuwa wangapi, na waliobaki wako wapi.